Chungu Kisicholia

"Ni chenu?"

Mzee mlinzi aliniuliza hivyo katika mji wa mbali, huku kidole changu kikiwa bado kimekunjwa hewani, kama mtu aliyefumwa akibisha hodi kwenye nyumba ya watu. Alikuwa anaulizia chungu. Mnanijua, huwa sikosi jibu, na nikilikosa nalitunga. Siku ile nilisimama nikamtazama tu.

Mmeniuliza mara nyingi safari ilikuwaje, nami nimekuwa nikiwajibu, "Baridi tu." Halikuwa jibu. Leo naandika yote kwa mfululizo. Habari za fomu na viza nitaziruka, zilishanichosha mimi, zisiwachoshe na nyinyi.

Kutoka Rangwi kushuka Mombo

Wasiofika kwetu wajue kwanza kwamba kijiji chetu kiko chini kidogo ya Rangwi, milimani Lushoto, na kwamba Bibi Zaina, mama yake mama yangu, alikuwa mfinyanzi. Aliacha kufinyanga magoti yalipomgomea, lakini vyungu vyake bado viko jikoni kwa watu hadi Lushoto mjini.

Alifundishwa na mama yake. Mama huyo alipofariki aliacha chungu kimoja ambacho ukoo wetu ulikiheshimu kuliko shamba. Mwanamke yeyote wa kwetu akijifungua, uji wake wa kwanza ulipikwa ndani ya chungu hicho. Kilikaa kwa Bibi kwa sababu ndiye binti mkubwa. Kisha, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, chungu kikatoweka. Watu walimwona Bibi kwa macho yao akipanda kilima kwenda Rangwi, chungu kichwani, na kule alikuwepo mwalimu wa kike wa kizungu aliyekuwa akinunua vyungu. Bibi alirudi na kata yake ya kubebea kichwani tu, ameishika mkononi. Alipoulizwa alisema neno moja tu: "Kimeondoka."

Tangu hapo, mtoto wa kwetu akiugua, watu walimtazama Bibi. Akifa mtoto, hawakumtazama kabisa. Mdogo wake wa pekee, Bibi Mwanahamisi, aliyekuwa ameolewa jirani, alihamia Zirai na mume wake, kule Usambara ya mashariki, asikanyage tena kwetu. Hakuja harusini, hakuja msibani. Nyumbani tulikua tukiambiwa kwamba hawezi kumsamehe dada yake.

Mimi nilikuwa siamini habari ya uji na chungu. Nilimuuliza mama mara ngapi: kama chungu ndicho kinacholinda watoto, chanjo inafanya nini? Mama hunijibu kwamba chuo kilinipa mdomo kikasahau kunipa masikio.

Sasa, mwaka wa safari yenyewe nilipata nafasi ya mafunzo ya wiki mbili nje ya nchi, mambo ya mbegu za mboga. Rafiki yangu anayesoma katika mji uleule alikuwa amenitumia picha aliyoipiga katika jumba la sanaa la mji wao: chungu cheusi chenye mdomo mpana, na kibandiko kinachosema kimetoka Usambara. Nilimwonyesha Bibi kwenye simu. Alikitazama muda mrefu. Kisha akaigeuza simu, akaangalia nyuma yake.

"Bibi, unatafuta nini?"

"Kitako."

Sikucheka. Ilibidi nijikaze, lakini sikucheka. Akanieleza kwamba mama yake hakuwa na saini, ila kila chungu alikibonyeza chini kwa dole gumba mara mbili, alama zikakaa pamoja kama ukwato wa mbuzi. Akanifungia kwenye kitambaa kigae cha chungu kingine cha mama yake kilichovunjika zamani, ili nilinganishe udongo.

"Ukishakiona," akasema, "uje uniambie mimi kwanza. Usimwambie mama yako. Usimwambie mtu. Mimi kwanza."

"Na kikiwa chenyewe?"

"Nimesema mimi kwanza."

Alikuwa na zaidi ya miaka themanini. Usiku alikuwa akikohoa hadi tunakaa wote vitandani tukisikiliza. Miezi ile alikuwa ameanza kumtaja mdogo wake katikati ya mazungumzo mengine, kama mtu anayepapasa kitu gizani. "Mwanahamisi alipenda mahindi ya kuchoma ya jana." Basi, anaendelea na mengine. Hakuhitaji kunieleza kwamba alitaka kumwona kabla hajafa. Hilo hata mimi niliamini bila ushahidi.

Siku ya kuondoka tulikwama chini ya Soni. Lori la kabichi lilikuwa limelala kwenye kona, kabichi zimetapakaa barabarani hadi mtoni, na magari ya kupanda na kushuka yote yamezimwa. Tulikaa kwenye ukingo wa barabara tangu asubuhi hadi jua likapita utosini. Kila dakika kumi nilikwenda kuangalia kama wamelinyanyua. Mama mmoja aliyekuwa anateremsha mapeasi yake Mombo alichoka kuniona.

"We binti, keti. Lori halisogei kwa kutazamwa."

"Shikamoo mama. Nina ndege kesho."

"Marahaba. Ndege ya wapi?"

"Ulaya."

"Kufanya nini?"

Nilikuwa nimechoka kueleza mambo ya mbegu. "Kuangalia chungu," nikasema.

Alinitazama kuanzia viatu. "Chungu. Soko la Lushoto vimeisha?" Akawageukia wenzake. "Jamani, njooni mwone msomi. Anapanda ndege kwenda kuangalia chungu!"

Walicheka mpaka dereva wa lori, maskini, akadhani anachekwa yeye. Lakini yule mama alinipa mapeasi manne, akakataa kabisa niyalipe baada ya kicheko chote kile. Akaniambia, "Ukikikuta, kigonge kwanza. Wazungu wasikuuzie chenye ufa."

Kwenye mashine ya uwanja wa ndege

Dar es Salaam nilifika nimechelewa, nikalala kwa shangazi, asubuhi nikaenda uwanjani. Begi langu lilipita kwenye mashine likarudishwa. Askari wa kike akaniita pembeni.

"Kuna kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Ni nini?"

"Kigae."

"Kigae cha nini?"

"Cha chungu cha marehemu mama yake bibi yangu."

Alirudi nyuma hatua moja. "Unatoka wapi wewe?"

"Lushoto."

Nikamwona anafikiria. Mnajua watu wa pwani wanavyotufikiria sisi wa milimani na dawa zetu. "Fungua mwenyewe," akasema, mikono ameificha nyuma. Nikafungua. Akamwita mwenzake, mwenzake akaja, naye akasimama mbali.

"Unakipeleka kwa nani?" akauliza huyo wa pili.

"Nakwenda kukilinganisha na kingine."

"Halafu kikilingana kinatokea nini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na maofisa wa safari ile. Nikamwambia sijui. Wakashauriana. Mwishowe yule wa kwanza akaniambia nikifunge tena, nisikifungue ndani ya ndege hata iweje, na akanitakia safari njema akiwa bado hajakigusa. Mapeasi yangu, ambayo yangeweza kweli kuwa na wadudu, hakuna aliyeyaulizia.

Nilikula mawili angani. Kwenye chakula cha ndege nilipewa kitu cha kijani nikakidhania mlenda, kumbe ni kitamu cha kumalizia mlo, chenye sukari. Nilikuwa nimeshakichanganya na wali. Mzungu aliyekaa pembeni yangu aliona, akafikiri ndiyo desturi yetu, naye akachanganya. Hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Mlango usiolipiwa

Mafunzo nitayaruka pia. Yalikuwa chumba, karatasi, na biskuti. Kilichonisumbua ni kwamba kwa siku kumi nilikuwa mwendo wa nusu saa tu kutoka kwenye chungu na sikuweza kwenda. Nililala vibaya. Nilikuwa nikiamka alfajiri najiuliza kama watakuwa wamekihamisha, au wamekiuza, au rafiki yangu alichanganya mji.

Jumamosi ya mwisho tulipewa nafasi. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwao, haianzi wala haikatiki. Nikapanda treni ya mtaani ikanipeleka upande ambao sio. Nikashuka, nikapanda nyingine. Jumba lenyewe nililipita mara mbili nikidhani ni mahakama.

Ndani, dada wa mapokezi akatabasamu. "Karibu. Ni bure."

"Bure mpaka wapi?"

"Samahani?"

"Bure mpaka wapi? Chini tu, au na juu?"

"Kote."

Sikumwamini. Nilikaa kwenye benchi robo saa nzima nikitazama wengine wanavyoingia, nione ni wapi wanadaiwa. Hawakudaiwa popote. Mama aliingia na watoto watatu na baiskeli. Mzee mmoja aliingia, akakojoa, akatoka. Kulikuwa na sanduku la kioo lenye sarafu ndani, nikaona hapo ndipo mtego ulipo, lakini hakuna aliyelinda sanduku lile. Nilizidi kutia shaka. Vyumba vyote vile vina joto, taa, walinzi. Mtu fulani alilipa, zamani au sasa, kwa kitu fulani. Nikajiuliza kama chungu chetu ni sehemu ya malipo.

Nilipita kwenye vyumba vya picha haraka. Kulikuwa na wanaume wanene wenye mbwa, ng'ombe walionona kuliko wanaume, na bahari. Mbele ya picha moja kubwa nyekundu tupu watu walikuwa wamekaa kimya kama msibani. Nami nikakaa nione wanachokiona. Dada mmoja akanong'ona, "Inagusa, siyo?" Nikamwambia nafikiri haijakauka. Akasogeza kiti.

Ghorofa ya pili

Kilikuwa chumba cha vyungu. Sehemu kubwa vilikuwa vya wasanii wa kwao, vingine vimepinda makusudi, na kila kimoja kilikuwa na jina la aliyekitengeneza, mwaka wake wa kuzaliwa na mji wake. Karibu na dirisha, juu ya sanduku jeupe lililozungushiwa kamba nyembamba, bila kioo, kilikaa chetu.

Niseme "chetu"? Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mdomo mpana, shingo fupi, mstari wa michoro kama meno ya samaki. Weusi ule unaotoka pale chungu kinaponyunyiziwa maji ya magome kikiwa bado cha moto. Nikatoa kigae. Rangi zilifanana, lakini hata kigae na jivu hufanana ukitaka vifanane. Kibandiko kilisema: Chungu. Usambara, Afrika Mashariki. Mtengenezaji hajulikani.

Nililisoma neno hilo la mwisho mara nne. Vile kumi na kimoja vya kwao vilikuwa na wenyewe. Hiki hakina mtu, kimejifinyanga.

Niliinama kutafuta kitako. Hakionekani. Nikapiga magoti, nikalaza shavu karibu na sakafu. Sanduku lilikuwa limekiziba chote chini. Nikasimama, na hapo, wallahi, sikufikiri. Nilifanya kile ambacho kila mtu wa kwetu hukifanya mbele ya chungu tangu anapoanza kutumwa sokoni. Kwetu hununui chungu kwa macho. Unakikunjia kidole, unakigonga ubavuni, unatega sikio. Kizima hulia. Mlio wake unakaa hewani kidogo. Chenye ufa hujibu mara moja na kunyamaza, hata kama ufa wenyewe huuoni. Niliipita kamba, nikagonga.

Tu.

Basi. Kama kugonga boga.

Kitu fulani ukutani kikaanza kulia badala yake, mlio mwembamba, na mzee mlinzi akaja kwa hatua ndefu. Alikuwa na koti la buluu na nyusi nyeupe. Mtu wa umri ule kwetu nisingemtamkia lolote kabla ya shikamoo, na Kiingereza hakina shikamoo, kwa hiyo mwili wangu ukafanya peke yake: nikakunja goti. Naye akatazama sakafuni kuona nimeangusha nini.

"Hairuhusiwi kugusa," akasema.

"Nimekigonga tu."

"Kwa nini?"

"Kusikia kama ni kizima."

Akazima ile kelele kwa kitu cha mfukoni. Nilisubiri aite polisi. Akanitazama, akatazama kigae mkononi mwangu, akatazama chungu. Ndipo akauliza lile swali.

"Ni chenu?"

Ningesema ndiyo, kwa ushahidi gani? Kitako sijakiona. Ningesema hapana, nimepita nchi ngapi? Na hata kikiwa cha mama yake Bibi, kama Bibi alikiuza kwa hiari yake, "chenu" ni neno gani? Nilisimama pale nikiyageuza yote hayo, na yeye akasubiri. Nakumbuka alisubiri kweli.

"Kina ufa," nikasema mwishowe.

"Nimekilinda miaka tisa. Hakina ufa."

"Kigonge wewe."

Akatazama huku na huku. Naapa alitaka kugonga. Kidole kilikunjika. Kisha akaurudisha mkono mfukoni, akacheka puani. "Nina miezi minne nistaafu," akasema. Akatoa daftari, akaandika anwani yangu, akaniambia atawauliza wenye ofisi siku wakikinyanyua kusafisha wakipige picha chini na wanitumie. Nikamshukuru kama unavyomshukuru mtu anayekwambia tutakupigia.

Kupanda tena

Nitaruka ndege. Niwaambie tu kwamba basi la kutoka Dar liliharibika mara mbili, na kwamba kutoka Mombo kwenda juu nilisimama mlangoni njia nzima, bila kukaa, kana kwamba kusimama kungefikisha gari mapema. Kwenye kona ya Soni kabichi moja ilikuwa bado mtoni, imeota ukungu.

Bibi alikuwa amekaa jikoni. Alinyoosha mkono nikaubusu. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, umekonda." Akamfukuza mama kwa kisingizio cha kuni, akafunga mlango kwa mguu.

"Haya."

Nikamweleza vyote: mdomo, shingo, meno ya samaki, weusi. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu. Nikamwambia kitako sikukiona. Hakuonekana kujali.

"Lakini nilikigonga."

Mikono yake ikasimama. "Ukakigonga?"

"Mkono ulijipeleka, Bibi."

"Kikasemaje?"

Nikagonga boga lililokuwa pale. Tu.

Sufuria ya makande ilitokota, ikamwagika pembeni, Bibi hakuigusa. Kisha nikamwona anatabasamu, tabasamu dogo la upande mmoja.

"Si chenyewe," akasema.

"Una hakika?"

"Cha mama kililia kama kengele ya shule. Ungekigonga hapa wangegeuka kule. Hicho si chenyewe. Kesho kutwa nenda Zirai, umwambie Mwanahamisi maneno haya, usiyabadilishe: Zaina anasema kile si chenyewe, cha mama kililia kama kengele."

"Bibi, habari hizo zinamsaidia nini? Cha mama bado kimepotea."

"Wewe," akasema, "umesoma, lakini kazi niliyokupa ni ya mguu."

Mtu aliyefinyanga miaka sitini akikwambia chungu fulani si cha mama yake, utamuuliza nini tena? Niliondoka.

Muheza hadi Zirai

Unashuka tena Mombo, unafuata lami hadi Muheza, unapanda milima upande mwingine. Huko joto na mvua vimekaa pamoja, na hewa ina iliki. Gari lilituacha chini ya kilima kwa sababu ya tope, nikamalizia kwa bodaboda, kisha kwa miguu nikiwa nimebeba viatu.

Aliyefungua mlango ni mjomba Hoza, mtoto wa kwanza wa Bibi Mwanahamisi, mwanamume mkubwa mwenye ndevu za mvi ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu, mjini Tanga. "Mama," akaita ndani, "kuna mtu wa Rangwi." Akalisema kama anasema kuna moto.

Bibi Mwanahamisi alikuwa anaanua iliki kwenye mkeka. Alikuwa na uso wa Bibi yangu, ila umekunjwa kwa namna nyingine. Aliitikia shikamoo yangu kwa macho chini. Nilikaribishwa chai, mihogo, nikalazimishwa kula kwanza. Halafu nikamweleza habari ya chungu cha Ulaya na jinsi nilivyokigonga, nikatoa ujumbe neno kwa neno. Nilijua sasa atakasirika, au atauliza bei, au atanifukuza.

"Kasema si chenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe ulimwambia hicho ulichokigonga kilisemaje?"

"Nilimwambia hakikulia."

"Ukamwambia hivyo, naye akasema cha mama kililia kama kengele. Yeye mwenyewe. Kwa mdomo wake."

"Ndiyo, Bibi."

Akainuka. Nikafikiri anakwenda kuswali. Akaingia ndani, tukasikia sanduku linavutwa. Alitoka na khanga mbili, sweta kuukuu, na fungu la iliki.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Leo?"

"Kwani gari hamna?"

Gari halikuwepo. Alikaa juu ya furushi lake mlangoni tangu saa tisa hadi giza, akikataa kuingia, na mimi safari hii ndiye niliyekuwa nikimwambia mtu gari haliji kwa kutazamwa. Tuliondoka alfajiri. Njia nzima hakuuliza chochote, isipokuwa Soni, ambako aliuliza kama ule mpera bado upo. Haupo.

Mnataka kujua walisemezana nini. Nami nilitaka. Nilisimama karibu kabisa. Bibi yangu alisema, "Umechelewa, makande yamekauka." Bibi Mwanahamisi akasema, "Tia maji." Wakala sahani moja. Mama akaenda kulilia kwenye migomba. Mimi nilibaki na hasira kidogo, mniamini: miaka arobaini, halafu tia maji?

Picha

Bibi Mwanahamisi hakurudi Zirai. Alikaa nasi mvua za masika zote na kiangazi chote, na ndiye aliyekuwa amemshika Bibi mkono alipofariki. Hapo ndipo nilipodhani safari imeisha, nikawaambia nyinyi "baridi tu".

Kisha barua pepe ikaja, miezi mingi baadaye. Yule mzee alistaafu kweli, lakini aliacha karatasi yake kwa mtu, na mtu huyo akaifanyia kazi. Walikuwa wamekiinua chungu kukisafisha. Picha ya kwanza ni kitako: alama mbili za dole gumba, zimekaa pamoja kama ukwato wa mbuzi. Ya pili ni ndani: ufa mwembamba unaoshuka kutoka shingoni hadi chini. Wakaandika kwamba niliwashangaza, kwamba hawakuwa wameuona, maana uliwahi kuzibwa kwa utomvu wa mti na kupakwa masizi kwa ustadi mkubwa kabla chungu hakijafika kwao.

Nilimpelekea Bibi Mwanahamisi simu. Hakuigeuza nyuma. Aliangalia picha ya pili, akaweka kidole juu ya ufa, akaufuata kutoka juu mpaka chini.

"Nilimwagia maji baridi kikiwa motoni," akasema. "Nilikuwa na haraka. Siku zote nilikuwa na haraka, kama wewe."

"Ukaziba mwenyewe?"

"Mimi niliziba, dada alikishika."

Nilikuwa na maswali kumi. Niliuliza moja. "Kwa nini basi ulimwacha akibebe yeye Rangwi, mchana, watu wanaona?"

"Hakuniachia nikibebe. Alitaka lawama ziwe zake, nami nikashindwa kumtazama usoni, mpaka uliponiletea neno kwamba bado ananifichia. Nilikuwa na mimba ya Hoza, miezi saba. Uji uliokuwa unafuata kupikwa mle ni wa kwangu."